Karani wa Dirisha la Uraia

Karani wa dirisha la uraia huupuliza mhuri mara mbili, kama anayepoza chai, halafu anauweka kando bila kuugonga. Hapo ndipo roho za watu huruka. Sauti yake ni ya chini, ya mtu aliyelaza mtoto chumba cha pili, na miwani yake huipandisha kwenye paji la uso kila anapotaka kumtazama mtu vizuri. Mwoka mikate mmoja, aliyefika dirishani na binti yake, alimwona akiipandisha mara moja tu, kisha akaishusha. Mwoka mikate mwenyewe alikuwa raia tayari. Binti yake alikuja kwa kibali cha kuishi, na angemfuata baba katika uraia endapo tu wanaishi pamoja, naye hajatimiza miaka kumi na minane. Jumapili angeitimiza. Ili kuthibitisha kwamba wanaishi pamoja, baba akamwaga karatasi za shule na za kliniki kaunta nzima. Karani akazisoma zote polepole, akilowesha kidole kwenye sifongo, kisha akapandisha miwani na kumgeukia binti.

"Mwanangu, nani anakuamsha asubuhi?"

"Si baba huyu hapa! Akitoka kazini ananivuta kidole gumba cha mguu, mikono imejaa unga. Nimemkataza mpaka nimechoka."

Baba akatamani ardhi ipasuke immeze. Karani hakucheka. Aliupuliza mhuri mara mbili, na safari hii akaugonga.

"Mzee, kesho ukivute taratibu," alisema, akishusha miwani. "Hicho ni kidole cha raia."