Jibu Lenye Alama

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja ya mtaa wa Tudor, duka la kompyuta na intaneti, nikingoja kuchapishiwa karatasi zangu. Kwenye kompyuta ya pili aliketi dada mmoja wa mtaa wa Kibokoni, afundishaye Kiingereza kwa mtandao. Kwenye kioo chake alionekana msichana wa Kichina mwenye sare ya shule ya upili, akijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu.

"U hali gani?" dada alimuuliza kwa Kiingereza.

"Sijambo, asante. Na wewe je?" msichana alijibu mbio mbio.

"La, hilo umelikariri. Niambie hali yako ya kweli."

Msichana alikunja uso. "Mwalimu, jibu lenye alama ni lipi? La kitabu au la kweli?"

Dada akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili, "Mzee wangu, wewe waonaje?"

Mimi hujibu sijambo hata nikiwa na homa.

Kabla sijajibu, msichana akasema taratibu, "Nimechoka. Nyumbani wote wanaungojea mtihani huu. Naogopa."

"Sahihi," dada akasema kwa sauti ya chini. "Hukukosea hata neno."

Msichana alifuta macho kwa mkono wa sare. "Basi kwenye mtihani niseme hivyo?"

"Kwenye mtihani sema sijambo. Mimi niambie hivyo."

Msichana akaitikia kwa kichwa, lakini uso wake haukukunjuka. Wala wangu. Tangu siku hiyo nikiulizwa hali barazani, husita kwanza, kwani sijui kama anayeuliza anataka kujua au anasahihisha.