Mnakaa Wangapi Humu?

Tangu alipokimbia Bujumbura, Spès Nimbona hakuwahi kukaa ndani ya nyumba bila viatu. Alipika na viatu, alifagia na viatu, na hata kumnyonyesha mtoto alimnyonyesha kamba zikiwa zimefungwa, kama mtu anayesubiri kuitwa. Siku za mwanzo Salvator, mumewe, alimtania kwamba ameoa askari. Baadaye aliacha, maana utani nao hufika mahali ukachosha.

Walikuwa wamepanga chumba cha uani huko Isipingo, pembeni mwa Durban, nyuma ya nyumba ya familia moja ya Kihindi. Kuta zilikuwa za matofali matupu, juu bati, na dirisha lilikataa kufunga. Wakati wa joto chumba hicho kilikuwa tanuri. Lakini huu ulikuwa mwezi wa saba, mwaka wa tisini na nane, na anayedhani Durban haina baridi hajalala chini ya bati lile. Binti yao Aurélie alizaliwa kabla ya wakati, kadogo kiasi kwamba baba yake aliogopa kumshika. Hospitali iliwaruhusu kwenda naye nyumbani kwa sharti kwamba chumba kiwe na joto saa zote, na lisiwashwe jiko la mafuta ya taa, kwa sababu mapafu ya mtoto hayajakomaa.

Basi wakanunua hita ya mtumba, ile ya nyaya nyekundu. Hita ikala umeme kama ng'ombe aliyefunguliwa kwenye shamba la watu. Mita yao ilikuwa ya kulipia kabla: unanunua yuniti dukani, unapewa namba, unazibofya kwenye kisanduku ukutani, zikiisha giza. Salvator alilinda magari ya watu mjini, na sarafu alizopewa na wenye magari ziliishia ukutani mle. Bado mita ilizima kabla wiki haijaisha. Asubuhi moja walimkuta Aurélie midomo imegeuka rangi ya majivu. Spès alimbana kifuani, ngozi kwa ngozi, akasali sala zote alizozijua na nyingine akazitunga papo hapo. Mtoto alirudi. Kuanzia hapo Spès alikuwa na hofu mbili: hiyo ya baridi, na ile ya zamani.

Aliyeleta habari za msaada ni Agathe, Mama Prodige, Mkongomani wa chumba cha pili, msusi wa nywele, mwanamke ambaye hata akinong'ona nusu ya uwanja inasikia.

"Mama Aurélie, iko bureau moja ya ville, ofisi ya muji, pale nyuma ya rank ya taxi. Wanasaidia watu maskini na courant, umeme, wakati wa baridi. Mutoto alizaliwa hapa, carte ya clinique iko. Twende."

"Serikali?" Spès aliuliza.

"Serikali, ndiyo. Haiko simba."

"Mama Prodige, mimi na serikali hatuna neno. Nayo isiwe na neno na mimi."

"Eish! Unataka mutoto akufe juu ya woga yako?"

Hilo lilimchoma. Akaenda, shingo upande. Karani aliwapokea vizuri, akaandika majina, akaangalia kadi ya mtoto. Kisha akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba kuna afisa atakayekuja nyumbani kuhakikisha ni watu wangapi wanaoishi mle, kwa kuwa msaada hutolewa kulingana na watu. Agathe alimtafsiria. Spès akainama kukaza kamba za viatu.

Sasa, msomaji, usimcheke. Nyumbani kwao Bujumbura, wakati mji unawaka, walikuja wanaume watatu waliovaa vizuri, wamefuatana na jirani anayejulikana. Walisalimia kwa adabu. Wakasema wanaandikisha kaya kwa ajili ya msaada wa mablanketi na maharage, wakauliza, "Mnakaa wangapi humu?" Baba yake Spès, fundi cherehani asiye na hila, aliwapa hadi viti. Akajibu, "Tuko sita!" Spès alikuwa anarudi bombani na ndoo kichwani, amefika kwenye ukuta wa jirani, akayasikia yote. Akawasikia wale watu wakihesabu waliomo ndani. Halafu akasikia sauti tulivu, isiyo na hasira hata kidogo, ikisema, "Amebaki mmoja. Yuko wapi?"

Aliitua ndoo chini, akakimbia. Wale watano hakuwaona tena.

Uchungu huo watu waliujua, hata kanisani. Kilichobaki moyoni mwake, ambacho hakumwambia hata padri, kilikuwa hasira. Alimkasirikia baba yake. Kwa nini alimhesabu? Angesema watano, kinywa chake kingepungukiwa nini? Miaka yote hiyo alikuwa akimwota baba akisema "sita" kwa ile furaha yake ya kipumbavu, na kila akiamka alikuwa na hasira naye upya.

Afisa alikuja mara ya kwanza, Spès akiwa ndani na mtoto. Katika uwanja ule wa wageni wa kila nchi, hakuna aliyegonga mlango kimya. Ulibisha hodi, ukataja jina lako, ukangoja usikike sauti. Huyu aligonga kwa funguo tu, ko ko ko, akanyamaza. Spès alizima hita ili isionekane mwanga wake, akamfunika Aurélie, akakaa sakafuni nyuma ya kitanda, akihesabu pumzi za mtoto. Funguo ziligonga tena. Kisha viatu vikaondoka.

Agathe akirudi kutoka kazini alimkuta yule afisa barabarani, na alipoingia uwanjani alikuwa amefura.

"Amesema atarudi kesho kutwa. Asipokuta mutu, dossier, faili yako, inafungwa. Unasikia? Ni kufunga! Akiuliza muko wangapi, sema watatu. Neno moja tu. Sema nisikie."

"Watatu," Spès alisema.

"Haya, tena."

"Watatu."

Akalisema mpaka likawa jepesi mdomoni. Salvator naye alimshika mkono, akamwambia hapa si kule. Spès aliitikia kwa kichwa. Siku yenyewe ilipofika, Salvator akiwa mjini na Agathe saluni, alimlaza Aurélie kwenye boksi la sabuni, akaliweka nyuma ya pazia karibu na hita. Alijidanganya kwamba anamkinga na upepo wa mlango.

Ko ko ko.

Akapiga moyo konde, akafungua.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, uso mwema. Wema huo ndio uliomtisha zaidi. Alimwamkia kwa Kizulu, polepole, kwa heshima. Kizulu na Kirundi ni ndugu wa mbali, na swali lilipokuja halikuhitaji mkalimani.

"Mama, mnakaa wangapi humu?"

"Mmoja," ulimi wake ukasema. "Mimi peke yangu."

Afisa alitazama karatasi zake. "Mmoja? Hapa pameandikwa mtoto mchanga."

"Hakuna mtoto."

Yule bwana hakukasirika. Alimweleza, akichanganya Kizulu na Kiingereza chepesi, kwamba mtu mmoja mzima hana nafasi kwenye msaada huu, kwamba ni kwa ajili ya watoto na wazee, na kwamba anasikitika. Akarudisha kalamu mfukoni, akageuka kwenda zake.

Spès alianza kufunga mlango. Moyo wake ulikuwa unashukuru, kabisa, unashukuru kama mtu aliyevuka. Hapo ndipo mita ukutani ilipolia tik, na nyuma ya pazia hita ikafifia. Alisikia zile nyaya zikipoa, tk, tk, tk, na kila mlio ulichelewa kuliko uliopita. Aliiona midomo ya rangi ya majivu bila kuitazama. Hakuwa na sarafu hata moja ya kununua yuniti, na Salvator alikuwa harudi mpaka jioni.

"Watatu!" alipiga kelele. Afisa alikuwa amefika katikati ya uwanja. "Bwana! Tuko watatu!"

Alivuta pazia kwa nguvu hata kamba yake ikakatika. Afisa alirudi, akainama juu ya boksi, akasema kitu cha upole ambacho Spès hakukisikia, maana masikio yalikuwa yanavuma. Kisha akainuka, akatazama huku na huku chumbani.

"Nawaona wawili," alisema kwa ile sauti tulivu. "Amebaki mmoja. Yuko wapi?"

Spès angeweza kusema mumewe amekufa. Angeweza kusema amehama. Alimtazama Aurélie ndani ya boksi, na maneno yakatoka yenyewe: yuko mjini, analinda magari, mtaa fulani, karibu na robot ya pili, zile taa za barabarani. Afisa akaandika. Akatoa kikaratasi mkobani, akaenda kwenye mita, akabofya namba kwa kidole kimoja huku akizisoma kwa sauti ndogo. Mita ikaitika. Hita ikaanza kuwa nyekundu.

"Hizi ni za kuanzia," alisema. "Nyingine zitakuja kila mwezi mpaka baridi iishe. Ubaki salama, mama."

Mtu mwingine angecheka, angelia, angekaa chini. Spès alifikiri jambo moja tu: wanajua Salvator alipo. Akamfunga Aurélie mgongoni kwa vitenge viwili na blanketi, akatoka mbio bila hata kuurudisha mlango. Dereva wa taxi pale rank, kwenye stendi, aliona macho yake, akampakia bila nauli. Msaada wa serikali, uliotafutwa kwa machozi, ukabaki nyuma ukipasha joto kitanda kitupu.

Alimkuta Salvator palepale robot ya pili, amevaa kizibao cha manjano cha walinda magari, akilielekeza gari lirudi nyuma. Alipomwona mkewe na mzigo mgongoni, mikono ilimshuka.

"Amekufa?"

"Hapana. Nimewahesabu," Spès alisema akihema. "Nimemwambia yule mtu wa serikali tuko watatu. Akauliza wa tatu yuko wapi, na nimemwambia, Baba Aurélie, nimemtajia mpaka mtaa. Vua hicho kizibao, tuondoke."

Salvator aliangalia barabara, huku na kule. Hata yeye, mcheshi yule, aliogopa. Aliogopa kwa vile mkewe alivyoogopa. Hakuna aliyekuja. Gari lilikuwa linapiga honi likitaka kuelekezwa.

"Si ungesema mko wawili tu?" aliuliza taratibu. "Kwa nini ulinihesabu?"

"Umeme unatolewa kwa watu. Nilitaka mtoto apate..."

Robot ikabadilika rangi, watu wakavuka wakimpita huku na huku.

"Nini?" Salvator akamsogelea. "Spès, nini?"

"Baba," alisema. "Baba alitaka mablanketi sita."

Ndipo alipolia. Alimlilia baba yake mjini mchana kweupe, mbele ya wapita njia, kwa mara ya kwanza bila hasira ndani yake. Salvator alimfungua Aurélie mgongoni, akamwingiza ndani ya shati lake mwenyewe, yeye aliyekuwa akiogopa kumshika, akasimama hivyo mpaka mkewe alipomaliza.

Walirudi Isipingo jioni. Agathe alikuwa ameketi mlangoni mwao, akigomba peke yake kuhusu watu wanaoacha nyumba wazi na courant ikiungua bure. Chumba kilikuwa na joto mpaka matofali yamepoteza ubichi wake. Spès alimlaza mtoto, akamgusa midomo, akakaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza uwanjani. Kila hatua iliyopita nje ilimfanya ainue kichwa. Baada ya muda mrefu aliinama, akafungua kamba, akavua kiatu kimoja, akakiweka chini ya kitanda. Cha pili kilibaki mguuni.