Mama mkwe kaung'oa ukoka wangu wote

Jamani, leo mkwe wangu kanitendea wema, na mie nataka kulia.

Ua wangu wa Temeke mnaujua, mchanga mtupu, jua likiwaka hapakanyagiki.
Nikaomba vipande vya ukoka kwa bwana mzungu ninayemtunzia bustani, angalau mwanangu atambae bila kuungua magoti.
Mke wangu akawa anaumwagilia maji ya kuoshea vyombo, maana ya kisimani hayatoshi hata kupikia.
Ukashika! Juzi mtoto katambaa juu yake huku anacheka. Nyie acheni tu.

Leo natoka kazini, namkuta mama mkwe uani, jembe mkononi, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimewasafishia. Pameota majani kama mahameni, watu watasema binti yangu hashiki fagio!"

Ukoka wote chali, mizizi juu, umeshanyauka.

Sasa mkwe, tena mgeni, utamwambia nini? Hebu semeni nyie.
Mie nilisema, "Ahsante, mama." Nikachukua fagio nikamalizia.

Jioni mke wangu katoka na karai la maji ya vyombo, akayamwaga palepale, kwa mazoea.

Mchanga ukayanywa yote.