Mtoto Aliyekuwa Hajambo Kila Asubuhi

Siku hizi mzazi akinigongea mlango asubuhi, salamu hazitangulii. Kwanza namuuliza mtoto amelalaje, amekula nini, na kama amekunywa dawa yoyote tangu jana jioni. Dawa gani, saa ngapi, kiasi gani. Nikishajibiwa na kuandika, ndipo tunaamkiana. Wazazi wa Kizungu hawaoni ajabu. Wa kwetu hunitazama kama mtu aliyedondosha adabu zake uwanja wa ndege, na mmoja alimwambia mwenzake kwamba mama yule Ulaya imemharibu. Haikuniharibu. Nina sababu, na sababu yenyewe ni msichana wa miaka mitano anayesoma shule ya mwisho wa mtaa wangu.

Nalea watoto nyumbani kwangu, Queensbury, huku huku Ulaya, kwa kibali, kwa ukaguzi na kwa makaratasi yote yanayotakiwa. Wadogo hawazidi watatu kwa wakati mmoja. Sebule ni yao, jiko ni langu, na korido tunagombania. Mimi ni mtu wa Tanga, na nimekaa nchi hii muda mrefu kiasi kwamba nalalamikia mvua kama wenyeji.

Msichana huyo aliletwa kwangu mwezi wa Septemba, hajatimiza miaka mitatu. Mama yake, binti wa Morogoro, alikuwa peke yake na mwanawe, na alifanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya wazee upande wa pili wa reli. Siku ya kwanza alinieleza hali yake akiwa amesimama koridoni, koti hajavua. Yuko kwenye miezi ya majaribio, alisema, na ruhusa yake ya kuishi nchini imefungwa kwenye kazi hiyo hiyo. Akikosa kufika kazini mara kwa mara ataachishwa, na akiachishwa atarudi nyumbani na begi lake na mtoto wake, baada ya ndugu kuuza shamba ili aje. Nilimwambia aondoe wasiwasi, amefika kwa watu. Niliyasema hayo kabla sijamjua mtoto.

Mtoto alikuwa mtamu, mcheshi, na mgonjwa. Alianza na kikohozi, kikapisha sikio, sikio likapisha macho mekundu, macho yakapisha tumbo. Daktari alimwambia mama kwamba ndivyo ilivyo: mtoto akichanganyika na wenzake kwa mara ya kwanza majira ya baridi, hupokea kila kinachopita. Nami nilikuwa na kanuni zangu, na si za kubuni. Aliyetapika au kuhara hakanyagi kwangu mpaka zipite saa arobaini na nane, na mwenye homa abaki kwao. Kabla ya Krismasi nilishampigia mama simu mara nne aje kumchukua. Kila mara alikuja mbio, sare ya kazi ikichungulia chini ya koti, akiniomba radhi kana kwamba ugonjwa ameutengeneza yeye.

Wazazi wa watoto wawili wengine niliokuwa nikiwalea wakaanza kuniuliza, kwa ule upole wao, kama nimefikiria la kufanya kuhusu yule msichana. Upole huo naujua. Unatangulia kabla mtu hajamhamisha mtoto wake.

Januari ilipoingia mambo yakatengemaa, au niliona hivyo. Kila asubuhi mama alifika saa mbili kasoro robo, tukaamkiana kama watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo kabisa."

Mtoto mwenyewe aliingia ndani anarukaruka. Mimi nilifungua daftari na kuandika kwamba ni mzima, kwa maelezo ya mzazi. Salamu zile zilikuwa raha yangu ya siku, nakiri. Mtaani kwetu Kiswahili si haba, lakini kuamkiwa shikamoo asubuhi na mapema, mlangoni kwako, na binti aliyelelewa vizuri, kulinifanya nijione mtu mzima mwenye heshima zake.

Ila ilipokaribia saa nne au saa tano, mtoto alianza kulegea. Aliacha kucheza, akaja kunilalia pajani, na paji la uso linachoma. Ilitokea mara tatu. Nililaumu hita, nikalaumu fulana mbili anazovalishwa, nikahamisha kiti chake mbali na dirisha. Nilikuwa nikisikia pia harufu ya stroberi mdomoni mwake asubuhi na nikadhani ni dawa ya meno. Miaka yote ya kulea watoto, na harufu ya dawa ya homa ikanipita puani hivi hivi.

Siku ya nne ya namna hiyo, kipimajoto kilivuka thelathini na tisa. Nilimpigia mama, simu ikaita bila majibu. Kazini kwao simu zinafungiwa kabatini. Nilikuwa na fomu aliyoitia saini, inayoniruhusu kumpa mtoto dawa ya homa ikibidi, na ilikuwa imebidi. Nikanawa mikono, nikapima dawa kwenye kibomba chake, nikampakata. Akafumba mdomo. Nikambembeleza kidogo, na mimi si mtu wa kubembeleza muda mrefu, kisha nikamshika kidevu. Kibomba kilikuwa kimeshagusa mdomo alipogeuza uso na kuniambia kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili alikisikia lakini hakuwa akikijibu, kwamba mama ameshampa. Nikamuuliza wapi. Akasema kwenye lifti.

Nikakiweka kibomba mezani. Nilipiga simu ya ushauri wa afya, na muuguzi wa upande wa pili akaniuliza maswali mawili mepesi: mtoto amekunywa dawa saa ngapi, na kiasi gani. Mimi ambaye kazi yangu ni kujua, nikajibu sijui. Akaniambia nisimpe nyingine, nimpunguze nguo, nimpe maji kidogo kidogo, nisimwache, na nimpate mama kwa njia yoyote. Nikapiga ofisini kwao moja kwa moja, wakaenda kumtoa kwa mzee aliyekuwa anamwogesha.

Mama alipofika nilimtaka kwanza ajibu. Alimpa saa moja na nusu, kijiko kimoja, ndani ya lifti ya fleti yao, ili homa iwe imeshuka watakapofika kwangu. Na zile siku nyingine tatu? Vivyo hivyo. Muuguzi alisema dozi ya pili kabla ya wakati wake huenda isingemdhuru. Huenda. Neno hilo silipendi hata leo.

Basi nikafoka. Nilimwambia amenifanya mjinga nyumbani kwangu, amewaambukiza watoto wa watu, na mwanawe amenusurika kwa bahati tu. Nikamwambia kwamba kila asubuhi namuuliza, na kila asubuhi ananidanganya usoni. Alikuwa amempakata mtoto kwenye ngazi, anamfuta jasho. Hakupandisha sauti.

"Mama, hukuniuliza," alisema. "Ulinisalimu. Nami nikaitikia." "Na nilishukuru hukuuliza."

Baba wa mmoja wa wale watoto wengine, Mpolandi, kila asubuhi nilimhoji mpaka rangi ya makamasi. Huyu wa kwetu nilimpa salamu, na salamu za kwetu zina jibu moja. Nani aliulizwa hali mlangoni akaanza kutaja homa? Mama yangu mzazi alilazwa hospitali Tanga, dripu mkononi, na kila aliyeingia kumwona alimwambia hajambo, tena anamshukuru Mungu. Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, kisha tunawafundisha watoto wetu kuyaficha kwa heshima zote. Kosa la dawa lilikuwa lake. Lakini kwenye daftari ilikuwapo saini yangu, siku baada ya siku, chini ya jambo ambalo sikuliuliza.

Hilo halikumsaidia yeye. Meneja alishamwambia kwamba akikosa tena, au akitoka tena katikati ya shifti, ataitwa kwenye kikao, na kikao hicho watu hawatoki na kazi. Siku hiyo alikuwa ametoka. Mkataba wangu ulinipa haki ya kumrudishia mtoto wake moja kwa moja. Nilimwambia nitampa jibu kesho, akamfunga mtoto shali, wakaondoka.

Nilitoka nyuma kutupa taka, kumbe jirani yangu amesimama kwenye uzio ananisubiri. Ni mjane wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, na tangu nihamie hapa tumekuwa tukisemeshana Kiswahili, chake cha Kisumu na changu cha Tanga, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Ukuta wetu ni mwembamba na sauti yangu si nyembamba. Aliniuliza huyo mtoto akiugua anakaa na nani. Nikamwambia hana mtu, ndiyo shida yenyewe.

"Mgonjwa anataka mtu wa kukaa naye tu," akasema. "Mimi kazi yangu sasa ni kukaa. Asije kwako. Mimi nitaenda kwake."

Nimepewa vitu vingi katika nchi hii, vingine kwa foleni na vingine kwa fomu. Hicho nilipewa juu ya uzio nikiwa nimeshika mfuko wa taka, na sijui kama nilijibu sawasawa. Nilishukuru kwa kulia, jambo ambalo silifanyi ovyo.

Kesho yake nilimpeleka jirani kwenye fleti ya yule binti, wakajuana wakinywa chai. Nikaandika barua kwa meneja, nikaeleza kwamba mtoto atakuwa kwangu akiwa mzima, na akiwa mgonjwa atabaki kwao na mtu mzima anayejulikana, jina hili na simu hii. Nilisema pia kwamba siku ile nilimwita mimi, kwa jambo la usalama wa mtoto, na ningemwita tena. Binti aliingia nayo kikaoni. Hawakumwachisha. Walimwongezea miezi mitatu ya majaribio, nasi tukaipokea miezi hiyo kama zawadi.

Mtoto aliendelea kuugua, asidhani mtu kwamba alipona kwa barua. Lakini sasa simu ililia kabla ya kupambazuka vizuri: mama, kaamka na homa, hatuji. Nami niligonga ukuta mara mbili, na jirani alitoka na mfuko wake wa kufuma na bakuli la wali uliopikwa na choroko ukawa rojo, akasubiri basi kituoni na kofia ya sufu. Wazazi wale wawili hawakuhamisha watoto wao. Majani yalipoanza kuchipua homa zikapungua, zikawa za msimu, kisha zikawa za nadra. Mtoto akawa anajibu Kiswahili neno moja moja, tena cha Kisumu.

Siku moja ya Juni mama yake alinigongea, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Amelala vizuri, amekula uji, dawa hakuna." Akanipa bahasha. Ilikuwa barua ya kazini, ya kumthibitisha. Niliisoma mara mbili mlangoni pale, tukakumbatiana, na mtoto akatupita katikati kwenda kwenye matofali yake. Ndipo mama yake akakumbuka kuniamkia.

Msimu wa baridi uliopita niliugua mimi. Mafua yale yanayomvunja mtu mifupa. Nilifunga kazi wiki nzima na kuwaambia watu wote kwamba ni uchovu tu. Jirani alikuwa amekwenda kwa wanawe. Alasiri moja kengele ikalia. Alikuwa yule binti ametoka kumchukua mtoto shule, wamepita kunijulia hali, maana pazia la sebuleni lilikuwa halijafunguliwa siku mbili.

"Shikamoo, mama. Hujambo?"

"Marahaba," nikasema, blanketi mabegani. "Sijambo kabisa."

Nilipoinama kumpokea, mtoto alinitazama. Kisha akanyoosha mkono, akaweka mgongo wa kiganja kwenye shingo yangu, kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye, akauacha pale.

"Bibi," aliniuliza, kwa Kiswahili, "umekunywa dawa? Saa ngapi?"

Nikamwambia sijanywa. Nikamwambia naumwa. Mama yake akaingia ndani, akafunga mlango, akavua koti.