Baiskeli ya Mtu Mrefu

Mume wangu hajui kukaa. Nimeishi naye miaka ishirini na sita. Nimemwona amepiga magoti, nimemwona amesimama, nimemwona akizunguka uani kama mtu aliyepoteza funguo, lakini kukaa kitako akatulia, hilo sikuwahi kuliona. Kazi yake ndiyo iliyomharibu. Ni fundi wa vigae vya sakafu. Kutwa nzima yuko chini, anagonga kila kigae kwa kifundo cha kidole, anasikiliza kama kimeshika vizuri au chini yake kuna uwazi. Akirudi nyumbani anagonga meza, anagonga kabati. Siku moja alinigonga mimi mgongoni, nikamwambia, "Huku kote kumejaa, usihangaike."

Mwaka juzi magoti yakamgomea. Daktari akamwambia apunguze kuyapiga sakafuni, na afanye mazoezi yasiyoyabebesha uzito: aogelee, au aendeshe baiskeli. Maji ya kuzidi ndoo anayaogopa. Basi akaitoa stoo baiskeli yake ya chuma, akaipaka grisi, akajiunga na watu wazima wa mtaani kwetu wanaoendesha kila Jumamosi asubuhi. Kiongozi wao ni mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu, kama vile hakuna mwingine duniani. Safari yao ni moja tu, kupanda mlima hadi kwenye tangi la maji na kurudi.

Mlima wenyewe una nguzo tano za umeme. Kwenye nguzo ya tatu mume wangu hushuka, husukuma. Wenzake huwa wamekwisha kufika. Wamekaa kwenye ukingo wa saruji wa lile tangi, wanakunywa maji na kutaniana. Si watu wabaya, wanamngoja. Ila akitokea tu, Mwalimu husimama, hupangusa suruali na kusema, "Haya, tumetimia, twendeni." Wao wameshapumzika. Yeye anageuza baiskeli pale pale, pumzi iko kooni. Wakampa jina: Mkia.

Jina hilo alilicheka. Lakini siku moja akinawa mikono aliniambia bila kunitazama, "Mwaka mzima, Ngazi, sijakaa kwenye ule ukingo hata mara moja. Hata sijui huwa wanazungumza nini."

Ngazi ni mimi. Namzidi kichwa kizima. Tangu enzi za uchumba husema hakuoa mke, alioa ngazi, na kweli kila kilicho juu ya kabati nyumba hii hushushwa na mimi.

Niliyasikia maneno yale na sikuyatilia maanani. Nilikuwa na mapazia ya ofisi nzima ya kushona, na mwanamume wa miaka hamsini na mbili anayelilia ukingo wa saruji hakunitia huruma. Nilimwambia anunue mto, akaukalie huko huko nguzo ya tatu.

Ndipo ikaja ile baiskeli. Duka la baiskeli liko njiani kwake kwenda kazini, na tangu liliponing'iniza kitambaa chekundu cha nusu bei, mwenzangu akawa kiguu na njia. Njia ya dakika kumi ikawa ya saa nzima. Akija hali, anazungumza. Ya kaboni, Ngazi. Si chuma, si aluminiamu. Nyeusi tii. Unainyanyua kwa vidole viwili. Anainuka mezani, anakwenda kupima upana wa ukumbi kwa futi, anarudi, anaonja kijiko kimoja, anainuka tena kupima mlango. Nikamuuliza, "Umekalia upupu?" Akasema imebaki moja tu, na punguzo linakwisha Jumamosi.

Alhamisi nikakata shauri. Nitakwenda naye dukani, nitaitazama mbele ya mwenyewe, nitasema hapana, na nyumba yangu itatulia. Niliondoka na hapana yangu mdomoni, tayari.

Mwenye duka ni mtu wa makamo, miwani inamning'inia kifuani kwa kamba. Akaishusha baiskeli ukutani, akampa mume wangu. Mume wangu akanipa mimi. Niliipokea kwa mikono miwili, nimejikaza, karibu niirushe darini. Kichwa cha cherehani yangu ni kizito kuliko kile kitu kizima na magurudumu yake. Nikaitazama pale fremu ilipoungana na usukani nikitafuta maungio, maana mimi ni mshonaji, macho yangu yanakwenda kwenye mshono. Hapakuwa na mshono. Ilikuwa kama imemiminwa mara moja. Nikaona hapana yangu inalegea.

Mume wangu akaipanda. Mwenye duka akateremsha siti hadi ikagoma, na bado vidole vya miguu ndivyo vilivyogusa chini.

"Mzee, sipendi kumwuzia mtu matatizo," mwenye duka akasema. "Hii ni ya mtu mrefu. Za saizi yako ziliisha siku ya kwanza. Hii imebaki kwa sababu hiyo tu, haina kasoro nyingine." Kisha akanitazama mimi kuanzia viatu hadi kilemba, nikaona ananikosea adabu.

"Siti haishuki zaidi ya hapo?" mume wangu akauliza.

"Bomba la siti linaweza kukatwa kidogo. Lakini fremu ndiyo hiyo hiyo."

Mume wangu akanigeukia. Sijui niyaeleze vipi yale macho. Hakuniomba niseme ndiyo. Aliniuliza, fundi kwa fundi, kama hili jambo linatengenezeka. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Ningeulizwa kama mke ningekataa, nilikuwa nimejiandaa. Niliulizwa kama fundi, kichwa kikavimba.

"Miaka ishirini nashona," nikamwambia mwenye duka. "Kikubwa hubanwa. Kidogo ndicho hakina dawa."

"Hata kigae!" mume wangu akadakia. "Kikizidi unakata. Kikipungua umekwisha."

"Mama, fremu si gauni," akasema yule mtu kwa upole.

Nikacheka, nikamwona ni mwuzaji asiyejua kuuza. Ukutani palibandikwa karatasi, bidhaa ya punguzo hairudishwi. Tuliisoma wote wawili, tukalipa.

Jioni ile alikata bomba la siti kwa mashine yake ya vigae, akaweka pimamaji juu ya siti, akaniita nije nione kiputo chake kimesimama katikati. Nikakiona, nikapiga vigelegele. Siku mbili nyumba ilikuwa na raha.

Jumamosi alirudi na shingo imekakamaa. Vidole vimekufa ganzi, hata kifungo cha shati nikamfungulia mimi. Usukani ulikuwa mbali mno. Ilimbidi alale mbele muda wote, mikono imenyooka, kama anayechungulia kisima. Nilimuuliza ameshukia wapi leo.

"Nguzo ya pili."

"Ya pili? Na ile ya chuma ulikuwa unafika ya tatu!"

"Nitaizoea."

Hakuizoea. Kila siku alikuwa na jambo jipya. Mara asogeze siti mbele, mara abadilishe kile kipande kinachoshika usukani aweke kifupi zaidi, mara ainue hiki, mara akaze kile. Nilipokuwa nashona nilimsikia ukumbini akilegeza na kukaza, akilegeza na kukaza, na kila mlio wa spana uliniingia mimi. Mikono ya gauni hupunguzwa, kiuno hubanwa, pindo hukunjwa. Fremu ile haikuwa na pa kukunja. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu huyo alikuwa ameegemea ukuta hatua tatu kutoka kwenye cherehani yangu, mweusi tii, ananitazama. Hakunilaumu hata kwa nusu neno. Laiti angenilaumu ningempa majibu, tukamalizana.

Jumamosi ya nne hakwenda. Nilitoka chumbani nikamkuta sebuleni, mikono mapajani, amekaa. Hakugonga meza. Hakuinuka. Nilimpa chai, akasema asante, akabaki pale pale hadi jua likaingia mlangoni. Miaka ishirini na sita nilikuwa naomba mtu huyu atulie, na siku alipotulia niliogopa kama sijawahi kuogopa.

"Nenda basi hata na ile ya chuma," nikamwambia.

"Nirudi na chuma wanicheke? Acha tu, mama watoto."

Hakuniita Ngazi. Nikaingia jikoni nikashika sinki kwa mikono miwili.

Jumatatu yeye akiwa kazini, nikaisogeza baiskeli nifagie. Sijui nilipitiwa na nini. Niliegemeza fagio, nikakunja gauni, nikapitisha mguu. Utotoni niliendesha ya baba yangu, kubwa, ya mizigo, nilijua kidogo. Nikashika usukani. Mikono ikaanguka pale inapotakiwa kuanguka, bila kunyoosha, bila kukunja. Ni ile hali ya kumvisha mteja gauni na kukuta halidai hata pini moja. Kilichopungua kilikuwa siti tu. Magoti yalinifika karibu na kifua, kwa sababu bomba lake lilikatwa, na lilikatwa kwa baraka zangu.

Nikaenda dukani kutafuta bomba refu. Kabla mwenye duka hajafungua mdomo, nikasema, "Fremu si gauni. Nimejifunza. Usinicheke."

Hakucheka. Alivaa miwani, akanitazama kama siku ile. "Mama, siku ile nilitaka kusema kuwa saizi ni yako. Nikaona mzee ana furaha, nikanyamaza."

Wiki nzima nilizunguka kiwanja cha nyuma ya ghala la mtaani kwetu mume wangu akiwa kazini, nikaanguka mara mbili, nikaficha mchubuko wa kiwiko kwa gauni la mikono mirefu. Ijumaa jioni nilimtolea ile ya chuma, nimeifuta vumbi. "Kesho utapanda hii," nikamwambia. "Ile nyingine ina mwenyewe."

Alinitazama, akaitazama siti ilivyopanda juu. Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta. Nilikuwa tayari kucheka naye, lakini kile kicheko kilikuwa na kitu ndani yake, nikamshika bega tu.

Wale wenzake waliniita shemeji, wakanipigia makofi pale tulipokutana. Mwalimu akasema baiskeli hatimaye imepata mtu. Nikajiona mwanamke wa maana mpaka pale barabara ilipoanza kupanda.

Nilishuka nguzo ya kwanza. Sikushuka kwa hiari. Mapaja yaliwaka, koo likakauka, dunia ikanizunguka. Mwaka mzima nilimcheka mtu anayeshuka ya tatu, tena mwenye magoti mabovu na chuma kizito, na mimi na kaboni yangu ya kunyanyuliwa kwa vidole viwili sikuifikia hata ya pili. Mume wangu alinipita, akageuka.

"Vipi, Ngazi?"

"Nenda zako!" nikamfokea, na hasira yangu ilikuwa ya kweli.

Nikasukuma. Huko mbele nikamwona ameshuka ya tatu kama kawaida yake, anasukuma naye, anachechemea kidogo. Akapotelea kwenye kona.

Kilichotokea juu nilisimuliwa na Mwalimu baadaye. Mume wangu alipotokea, Mwalimu alisimama kwa mazoea, akapangusa suruali. "Haya, tumetimia."

"Hatujatimia," mume wangu akasema. "Mke wangu bado yuko nyuma."

Mwalimu akakaa. Mume wangu akabaki amesimama na baiskeli yake, hajui afanye nini. Mmoja wao, nesi wa zahanati, akasogea kando, akapapasa saruji kwa kiganja, "Kaa basi, Mkia, unangoja nini?"

Mimi nilipofika kwenye nguzo ya tano niliwaona. Alikuwa katikati yao, kitako, miguu ameinyoosha, chupa ya maji mkononi, anasimulia habari za mwenye nyumba aliyetaka sakafu ya bafu iteremkie sebuleni. Walikuwa wanacheka, na yeye anacheka. Sikuendelea. Niliegemea ile nguzo nikalia, na si kwa uchovu. Kisha nikajifuta nikasubiri, ili amalize kisa chake.

Miezi minane imepita. Miguu yangu si ile tena. Nyuma ya ghala nazunguka hadi walinzi wanachoka kunitazama, na kutwa nzima kwenye cherehani kisigino hakitulii. Sasa mimi ndiye ninayeinuka mezani. Jumamosi mlima ukianza nasikia baiskeli inataka kwenda, nami nataka kwenda, nauona mgongo wa mume wangu mbele yangu na najua nikitaka nampita kabla ya nguzo ya tatu, na nafika tangini na pumzi zangu zote. Miguu inaniwasha. Wallahi inaniwasha.

Nguzo ya pili nashuka.

Jumamosi iliyopita tulipofika nyumbani alinitazama kwa muda. "Ngazi, mbona siku hizi hutoki jasho?"

"Upepo tu," nikasema.

Akainama, akaigonga fremu kwa kifundo cha kidole, mara moja, akatega sikio. Akainyanyua kwa vidole viwili, akaiingiza ndani.