Volti Ishirini Zilizopotea Komarock

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti kifupi na birika la umeme lisilochemsha. Duka, la kutengeneza vifaa vya umeme, lilikuwa mtaa wa Majengo. Mwenyewe, mama wa maneno machache tuliyemwita Bosi, aliniuliza nimesomea wapi.

"Kwa simu, Bosi. Video."

"Basi litengeneze, halafu utuletee video ya chai."

Mafundi wote dukani walicheka. Niseme mapema, ninyi mnaoanza kazi hii, kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikipata jibu la hesabu nalitilia shaka mpaka nilipate mara ya tatu. Umri wangu ni mdogo kwa mtu wa kuandika kumbukumbu, lakini mwaka huu nimeshuka kwenye ngazi nikaanza kufundisha, na niliyojifunza huko juu sitaki yapotee.

Bosi alinifundisha kwamba kanuni mbili zinatosha kuendesha duka zima. Gawanya volti, yaani msukumo wa umeme, kwa ampea, yaani mkondo unaopita. Utapata ukinzani kwa omu: kiasi ambacho kifaa au waya huuzuia mkondo. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati, yaani nguvu inayotumika. Birika lisilo na kasoro, kwenye volti 240, huweza kuvuta ampea kumi: ukinzani omu 24, nguvu wati 2,400. Lile langu halikuvuta chochote. Koili yake, yaani waya unaopasha maji, ilikuwa imekatika.

Kutoka Majengo nilienda Ziwani, kwenye kikosi kilichobadilisha nyaya za nyumba za zamani. Nyapara wetu, Mzee Mutiso, alikuwa amechonga vinyago kabla ya kushika bisibisi, na alipima umeme kwa nyuma ya kiganja. Aliwasha vifaa vyote, akasubiri, kisha akapitisha mkono karibu na kila soketi na ukuta.

"Kiungo kibaya kina homa," alisema.

Mimi nilianza na mita. Aliniita Mwalimu wa Hesabu, na haikuwa sifa.

Jumamosi moja asubuhi tuliitwa Komarock, nyumbani kwa Mama Nekesa. Wakwe wangekuja mchana kumposa bintiye. Jamaa kutoka Bungoma walikuwa wamejaa nyumbani, wote wakitaka kuoga, na shawa ya umeme ilitoa maji ya uvuguvugu.

"Badilisha koili ya shawa, twende," akaniambia Mzee Mutiso.

Nilipima kwanza, shawa ikiwa imewashwa. Kwenye swichi kuu: volti 240. Kwenye swichi ya shawa, nje ya mlango wa bafu: 220. Mkondo: ampea ishirini. Shawa yenyewe ilikuwa na omu 11, haikuwa na tatizo. Lakini volti ishirini zilikuwa zimepotea njiani. Ishirini gawanya kwa ishirini: omu moja, wakati waya ule, kwa urefu ule, haukupaswa kuzidi robo. Ishirini mara ishirini: wati mia nne. Nyingi kati ya hizo zilikuwa zikigeuka joto mahali pamoja, kama pasi iliyosahauliwa ndani ya ukuta, na sikujua ni ukuta upi.

Kila kitu ndani yangu kilitaka kupima tena. Huenda mita imekosea. Huenda mimi nimekosea. Lakini ili nipime tena, shawa ingebidi iendelee kuwaka.

Nilizima swichi kuu.

"Nani huyo?" sauti ikalia bafuni. "Nina sabuni machoni!"

Mama Nekesa alitoka jikoni na mwiko. "We msichana, wakwe wako njiani!"

"Mama, kuna kiungo kinaungua ukutani."

"Kiko wapi?"

"Sijui."

"Hujui, na umenizimia nyumba?"

Mzee Mutiso alipitisha mkono sebuleni, koridoni, bafuni. Akapanda darini, akashuka na vumbi kichwani. Kote baridi. Chumba cha mwisho, cha mama mkwe wa Mama Nekesa, hakuingia: mwanamume mgeni haingii hivi hivi alikolala mkongwe.

"Mwalimu, una hakika?"

"Hapana, mzee."

Alisimama, kidole kwenye swichi kuu. Jamaa walitutazama, mmoja akiwa na povu shingoni. Kama nimekosea, nimeaibisha kikosi siku ya posa ya watu. Kama sijakosea, kidole kile kingewasha moto.

"Usiwashe," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno.

Ndipo mkongwe akaita kutoka chumbani. Watu wa nyumba walimwita Kukhu, yaani bibi, na kiharusi kilikuwa kimemlaza muda mrefu.

"Nani amezima ukuta wangu?"

Mzee Mutiso aliniacha hapo akakimbia. Nilimkuta mlangoni, amevua kofia, akipiga hodi na kuingia kwa pamoja. Kukhu alikuwa ameegemeza mgongo kwenye kitambaa cha kufuma kilichotundikwa ukutani.

"Wakioga, huwa unanipasha mgongo," alisema. "Leo naona unapoa. Niliwaambia, wakasema ni uzee."

Nyuma ya kitambaa plasta ilikuwa ya kahawia. Fundi fulani alikuwa ameziba kisanduku cha viungo kwa plasta ili ukuta upendeze. Ndani, nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe, na utepe ulikuwa umeyeyuka. Godoro liligusa hapo hapo.

Mzee Mutiso alimbeba Kukhu mwenyewe.

"Niweke chini, Mkamba wewe! Huo ni ukuta wangu!"

Wakwe walipofika, nusu ya jamaa hawakuwa wameoga. Hakuna aliyelalamika.

Mzee Mutiso alistaafu baadaye, akarudi Machakos. Vijana ninaowafundisha huniuliza wasiwasi huisha lini. Wangu haujaisha. Siku hizi nazima kwanza, kisha nakaa na wasiwasi wangu.

Majuzi Mama Nekesa alinipigia simu. Kukhu amefariki Bungoma, usingizini. Nilimpa pole, nikamwuliza amefariki kwa nini.

"Uzee tu."

Nikamwuliza tena, ndivyo nilivyo.

"Uzee tu, mwanangu, safari hii kweli," alisema, na nikaketi chini nikalia.