Watoto wa Nje ya Uzio

Kosa langu lilianza kabla sijafunga mzigo. Habari ilifika kwetu Sandoa kwamba wanawake wanaoosha mawe ya shaba kule Kolwezi hawaruhusiwi tena kuingia machimboni na watoto, nami nikaishangilia mbele ya mama. Sheria hiyo nilikuwa nimeisikia redioni. Nilimweleza vizuri, hata nikarudi nyuma kusahihisha maneno yangu. Mama aliniacha nimalize, kisha akauliza: "Sasa Nawej atabakia na nani?"

Nawej ni mtoto wa Yaya Odile, dada yangu mkubwa, na wakati ule alikuwa bado ananyonya. Ndiyo maana nilitumwa nikaone.

Kutoka Sandoa nilipanda lori la mihogo mikavu. Njia nzima nilikuwa napanga kichwani namna ya kuzungumza na yaya. Ndivyo nilivyo. Sikufika mbali shuleni. Nilijifunza kwa redio na kwa magazeti ya kufungia samaki, na naona aibu ya kukosea zaidi kuliko wale waliosoma kweli.

Mutshatsha nilibadili gari, nikakaa juu ya magunia ya makaa hadi Kolwezi. Nilimkuta Yaya Odile uani anasonga bukari, ugali wa kwetu, Nawej yuko mgongoni.

"Mudogo! Umekonda hivi, ku Sandoa habakule?"

"Banakula, yaya. Vumbi njo imenikula."

Alicheka, lakini mikono yake ilikuwa imechubuka kwa maji na mawe, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka tangu zamani.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda machimboni. Yaya alipita mlangoni peke yake. Nje ya uzio, chini ya turubai, alikaa Mama Mujinga, ambaye aliosha mawe hadi mgongo ukamshinda, na sasa anawashikia wenzake watoto. Kila mwanamke humwachia kitenge kimoja. Mtoto akililia ziwa, Mama Mujinga hukifunga kitenge cha mama yake kwenye ncha ya mti mrefu na kukiinua juu ya uzio. Aliye ndani akiyatambua maua yake, huacha kazi akatoka.

Malori yalipita karibu sana. Kila vumbi lilipotua nilimpangusa Nawej uso.

"Acha, tata, utamutosha ngozi," Mama Mujinga alisema. "Ule ni mutoto, haiko sahani."

Kitenge cha yaya kilipopanda, tulingoja. Nawej alilia hadi sauti ikakauka. Yaya alikuwa mlangoni, anapekuliwa kilemba na nguo asije akawa ameficha mawe.

"Tata, mutoto analia," alimwambia mlinzi.

"Mama, mi pia bananiangalia. Banasema mutoto asiingie. Habakuniambia atakaa wapi."

Yaya alipoachiwa alinyonyesha amesimama, akakimbia kurudi. Mwenzake alikuwa ameshachukua nafasi yake penye maji.

Jioni nikamwambia yaya kwamba nitaondoka na mtoto. Alikataa.

"Bakubwa ba kooperative, bale benye machimbo, balisema batajenga nyumba ya batoto kule ndani. Mama Mujinga anasema tungoje."

"Yaya, tangu lini banajenga?"

Nikaendelea. Nilitaja vumbi, jua, mlinzi, kikohozi alichoweza kupata. Niliposikia sauti yake inalegea, sikusimama. Nilizidi kusema kwa ufasaha. Mwishowe alitazama chini.

"Weye njo unajua maneno, mudogo."

Kulipopambazuka alimnyonyesha Nawej kwa muda mrefu, kisha akanifungia mtoto kifuani kwa mikono yake mwenyewe.

Tulipofika Mutshatsha, Nawej alikataa uji. Niliupoza, nikauchuja, nikauonja. Alifunga mdomo na kugeuza shingo. Mwanamke mmoja muuza makaa, mwenye mtoto wake mgongoni, alimchukua Nawej mikononi mwangu bila kuuliza na kumpa ziwa. Alinyonya akiwa amemshika kidole.

"Masikini. Mama yake alikufa lini?"

"Hakukufa, mama. Eko Kolwezi, anatumika kazi."

Mwanamke yule aliinua uso. "Eko muzima?"

"Ndiyo, mama."

"Na njo weye ulimutosha kwa mama yake, ukamuleta huku?"

Nilianza kumweleza sheria. Baada ya maneno machache nikanyamaza, kwa sababu hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa anamwimbia Nawej kwa Kilunda, taratibu, mpaka dereva akapiga honi.

Huko Sandoa, mama alimpokea mjukuu wake, akamfunga mgongoni. Nimefikiri sana tangu siku ile. Sheria ile nzuri ilisimama mlangoni, na hakuna aliyefuata kuona ilimwacha mtoto wapi. Mimi nilifuata, nikaona, kisha nikashindwa kustahimili jambo ambalo bado halijakamilika. Nikamlazimisha dada yangu naye asingoje.

Nyumba ya watoto ilijengwa ndani ya uzio kabla ya mvua. Wanawake sasa wananyonyesha humo na hawapekuliwi. Yaya Odile alikuja Sandoa kumchukua mwanawe, lakini maziwa yake yalikuwa yamekauka, na Nawej alitambaa akajificha nyuma ya mama yetu. Yaya alirudi Kolwezi peke yake. Nawej anatembea sasa, na mtu anayemwita mama ni bibi yake.